Namna ya Kuwa Mpiga Mbizi wa Kivita Bila Kuhama Butembo

Kijana wa Butembo akitangaza nyumbani kwamba anataka kuwa mpiga mbizi wa kivita, mama yake atamuuliza swali moja tu: utazamia wapi? Ni swali la haki. Mji umekaa juu ya milima ya Mitumba, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na maji yake ya kujivunia ni mto Kimemi, unaopita katikati ya mji ukibeba plastiki, maganda na kila kitu ambacho salongo ya Jumamosi haikukifikia. Komando akijitosa Kimemi atazama hadi magotini, na ugonjwa atakaotoka nao hautakuwa umetumwa na adui. Ndugu zetu wa Beni wana nafuu, maana Semliki haiko mbali nao na theluji ya Ruwenzori inawayeyukia. Ila tangu 2014 watu wa Beni wamejifunza kutembea kimya usiku kwa sababu zisizo na mzaha ndani yake, na kwa habari ya ukimya mwongozo huu hauna la kuwafundisha.

Milima isikukatishe tamaa. Mwaka 1915 Waingereza walitaka vita vya majini katika Ziwa Tanganyika, na huko hawakuwa na chombo hata kimoja. Wakachukua mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, wakazisafirisha kwa meli hadi Cape Town, wakazipandisha treni, kisha wakazikokota kwa ng'ombe na matrekta ya mvuke kuvuka milima hii hii ya Mitumba, upande wake wa Katanga. Kesho yake Noeli, tarehe 26 Desemba, wakaiteka Kingani ya Wajerumani, wakaibadilisha jina ikawa Fifi, na Februari 1916 Fifi huyo huyo alikuwa mstari wa mbele kuizamisha Hedwig von Wissmann, iliyokuwa mwenzake wa kikosi miezi miwili nyuma. Anayekuambia kwamba ubaharia hauanzii mlimani, mwambie Mitumba imeshabeba jeshi la majini mgongoni, tena kwa kamba.

Mazoezi ya nchi kavu

Huko Marekani mwanafunzi wa kazi hii hufungwa mikono na miguu, akatupwa bwawani, akatakiwa aelee, ashuke hadi chini, apande tena, na yote ayafanye bila kuhangaika. Bwawa hilo ni gharama bure. Wewe panda taksi-moto ya kwenda Beni ukiwa abiria wa katikati: nyuma yako mama na mtoto wake, mbele yako dereva, na mbele ya dereva bidoni mbili za mawese. Mikono haina pa kwenda, miguu haigusi kitu. Hapo umefungwa tayari, na umelipa nauli juu yake. Ikiwa ni kiangazi, subiri lori linalotoka Kasindi liwapite, uanze somo la pumzi. Anayekohoa kabla vumbi halijatua arudie darasa.

Kwenye barieri utajifunza uso. Mpiga mbizi wa kivita anatakiwa awe na uso usiosema umetoka wapi, unakwenda wapi, wala una shilingi ngapi za Uganda kwenye soksi. Ukivuka barieri tatu mfululizo bila uso huo kubadilika, Wamarekani hawana zaidi la kukuongezea.

Tafuta babu wa kikosi

Kila kikosi cha namna hii kina babu wa kumtaja kwenye sherehe. Babu wa wengi ni Waitaliano. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 1918, Raffaele Rossetti na Raffaele Paolucci waliingia bandari ya Pula wakining'inia kwenye topido waliyoirekebisha iwabebe, wakatega bomu tumboni mwa Viribus Unitis, fahari ya jeshi la majini la Austria na Hungaria. Wakakamatwa, wakapandishwa sitahani, na hapo ndipo walipopata habari: meli haikuwa tena ya Austria. Jioni ile ile ilikuwa imekabidhiwa kwa serikali mpya ya Waslavi wa kusini. Wakamwonya kapteni mpya, watu wakaanza kuruka, lakini bomu halikuwa na habari za siasa. Meli ikazama, kapteni naye akafa nayo. Ustadi wa hali ya juu, meli ya mtu mwingine. Tutarudi kwenye jambo hili, maana ndilo gumu kuliko pumzi.

Wajukuu wao walifanya vizuri zaidi. Desemba 1941 watu sita, wamepanda topido tatu walizozipa jina la nguruwe, waliingia bandari ya Alexandria wakazikalisha chini manowari mbili za Waingereza, Queen Elizabeth na Valiant. Kwa kuwa maji ya bandari hayakuwa na kina, sitaha zilibaki juu, na Waingereza wakaendelea kufanya kama hakuna kilichotokea. Mkubwa aliyeketi kwenye tope na bado anapigiwa saluti; hilo halihitaji maelezo kwa msomaji wa Kongo.

Ukikutana na Mwitaliano anayejisifia babu zake, msikilize hadi mwisho, umwagizie bia, halafu umtajie Katanda. Katanda iko kando ya Semliki, chini kidogo ya Ishango, pale mto unapotoka Ziwa Edward. Huko watafiti John Yellen na Alison Brooks walifukua ncha za mkuki za mfupa, zimechongwa meno pembeni ili zikiingia zisichomoke, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa ajabu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 90,000 hivi. Yaani wakati babu wa Mwitaliano hajafika Ulaya, mtu wa eneo la Beni alikuwa ameshabuni silaha ya kukipiga kilicho chini ya maji. Usimtajie sana ule mfupa mwingine, wenye alama za kuhesabia, ambao Jean de Heinzelin aliupata Ishango mwaka 1950. Huo uko Brussels, na ukitaka kuuona utaanza na foleni ya viza.

Vaa kwa akili

Mtungi wa hewa unaojulikana na watalii ulitengenezwa na Jacques Cousteau na Émile Gagnan mwaka 1943. Ni mzuri, lakini unatoa mapovu, na mapovu humweleza mlinzi wa bandari ulipo. Ndiyo maana wapiga mbizi wa kivita hutumia kifaa kinachoirudisha pumzi: unavuta oksijeni tupu, pumzi yako inapitishwa kwenye chokaa maalumu inayonasa kaboni dayoksaidi, nawe unavuta tena kilichobaki. Hakuna povu hata moja. Chokaa hiyo si ile ya kupaka ukuta. Nasema mapema kwa sababu najua mfanyabiashara wa Butembo atakuambia ni ile ile, tena atakuongezea kilo moja ya bure.

Oksijeni tupu ina hila yake. Ukishuka nayo chini sana inageuka sumu: unapigwa na degedege, unatema kipumulio, unakufa maji ukiwa na hewa mgongoni. Baharini mpaka wake ni mita 6 hivi. Na hapa, kwa mara moja, jiografia inatupendelea. Ziwa Edward liko mita 910 na ushei juu ya bahari, hewa inayolikandamiza ni nyepesi, kwa hiyo hesabu inakupa karibu mita moja zaidi kabla sumu haijaanza. Mita moja! Ni zawadi ya kijeshi ambayo milima imetupa bila mfadhili, bila semina na bila fulana zenye nembo.

Kupata vifaa si tatizo. Wafanyabiashara wetu wamezoea Dubai na Guangzhou kuliko wanavyozoea Kinshasa, na chochote kilicho na bei kinaweza kufika Kasindi ndani ya kontena lenye kanga, vipuri vya pikipiki na vigae. Tatizo ni kuvaa. Usishuke Kyavinyonge, ufukweni mwa Ziwa Edward, mchana kweupe ukiwa na suti nyeusi inayobana, miwani mikubwa na mpira mdomoni. Watu wa Beni na Butembo wameshawaona watu waliovaa namna hiyo, kuanzia tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa kule Mangina, hadi Juni 2020. Ugonjwa uliua zaidi ya watu 2,200, na hao hawamo katika mzaha huu. Waliomo ni wale waliokuja na suti, wakakodisha magari kwa dola ambazo wenye magari bado wanaziota. Ukionekana umevaa hivyo, nusu ya kijiji itaokota mawe, na nusu nyingine itakuuliza Riposti ya Ebola imerudi lini na kama bado mnakodi jipu.

Shuka ziwani

Usipoteze muda na Ziwa Kivu. Lina zaidi ya mita 480 za kina, na katika maji yake ya chini zimelala gesi za methani na kaboni dayoksaidi kwa wingi wa kutisha. Hutazifikia kwa mbizi zako, ila watu wa Goma watakusimulia kuhusu mazuku, kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni nchi kavu, ikamzimisha mbuzi na mchungaji wake. Ziwa ambalo hata ufuko wake unakukaba pumzi si mahali pa kuanzia.

Edward ndilo letu. Wastani wa kina chake ni mita 17, hivyo sehemu kubwa ungeiweza hata bila sifa. Lakini ukingo wa magharibi, wa kwetu, ndio wenye shimo: karibu na miteremko ya Mitumba linafika mita 110 na zaidi. Maji ni ya kijani, yamejaa mwani. Chini ya mita chache utaona mkono wako kwa kukumbuka kwamba unao. Vitabu vya kijeshi husema giza ni rafiki wa mpiga mbizi, na sijui kama waandishi wake waliwahi kuogelea na viboko.

Kiboko ndiye mtaalamu halisi wa kazi hii. Haogelei. Hutembea kwenye sakafu ya ziwa, anakaa chini dakika tano hivi, anaibuka bila mapovu ya maana, na hakuna aliyempa cheti. Miaka ya 1970 katika hifadhi ya Virunga walikuwa zaidi ya 20,000, jeshi kubwa la majini kuliko yote ya Afrika ya kati. Kufikia 2005 hawakutimia 1,000. Hawakushindwa majini. Walipigwa kwa bunduki za vita kutoka ufukweni na mitumbwini, na watu wenye sare na wasio na sare, kwa ajili ya nyama na meno. Wavuvi ndio waliohesabu hasara, kwa sababu kinyesi cha kiboko hulisha maji, na maji hulisha tilapia. Kabla hujajisifu kwamba chini ya maji huonekani, fikiria mnyama huyo, ambaye alilazimika kupanda juu kuvuta pumzi kila baada ya dakika tano na palepale akapigwa. Sheria hiyo haijabadilika kwa binadamu.

Usikimbilie nyumbani

Sehemu hii isome mara mbili, kwa kuwa haina mzaha hata ikionekana inao. Ukivuta hewa ya kawaida chini ya maji, naitrojeni huyeyuka na kuingia katika damu na nyama za mwili. Ukipanda taratibu hutoka taratibu. Ukipanda haraka hutoka kwa fujo, ukawa bidoni ya kasiksi iliyofunguliwa kwa pupa: mapovu kwenye viungo, kwenye uti wa mgongo, kwenye ubongo. Wengine hupooza. Majedwali yanayomwambia mpiga mbizi akae chini muda gani na apande vipi yalipigiwa hesabu usawa wa bahari. Kwenye Ziwa Edward, mita 18 za kamba yako ni mita 20 za jedwali. Asiyelijua hilo anafuata sheria zote na bado anaumia.

Halafu kuna kitu ambacho wanajeshi wa Toulon na San Diego hawakukifikiria, kwani wao wakitoka majini wanakwenda nyumbani mguu sawa. Wewe wa Butembo ukitoka ziwani unapanda karibu mita 900 nyingine kwa pikipiki. Kwa mwili wako, safari hiyo ni sehemu ya mbizi. Hujamaliza kupanda kutoka ziwani mpaka umefika Butembo, na dereva wa taksi-moto hana habari ya kusimama njiani ili naitrojeni itoke. Dawa yake ni chumba cha shinikizo, ambacho usihangaike kukitafuta hospitali za kwetu.

Basi lala Kyavinyonge. Saa 24 nzima, hata kama operesheni yako ilikuwa ya siri na polisi wanauliza juu yako. Kula tilapia. Jibu simu za nyumbani kwa kusema gari limeharibika, ambalo ni jibu pekee katika Kivu ya Kaskazini lisiloamsha shaka.

Ujue meli ni ya nani

Kabla ya hapo, kijana mwenye hamu ya maji huuliza kama anaweza kuanzia kwa wapiganaji wa Mai-Mai, maana wao wanasifika kwa maji. Hapana. Maji yao hunyunyizwa. Ni dawa ya kuzuia risasi, desturi ambayo waasi wa Simba wa 1964 walikuwa nayo pia, na ina masharti marefu ya nini usile na nani usimguse. Risasi zimeshatoa maoni yake juu ya dawa hiyo mara nyingi. Kwa vyovyote, hakuna anayezama.

Mpiga mbizi wa kivita wa kweli alishafika Kongo ya mashariki. Ni James Hawes, wa kikosi cha SEAL cha Marekani, kikosi ambacho wakati huo kilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Mwaka 1965 CIA ilimtuma Albertville, ambayo leo ni Kalemie, azuie silaha zilizokuwa zikivuka Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kwa waasi wa Fizi na Baraka. Maji aliyakuta ya kutosha, karibu mita 1,470 kwenda chini. Alichokosa ni boti. Zikaletwa kwa ndege, zimekatwa vipande, zikaungwa upya ufukweni. Mtu aliyefunzwa kwenda chini ya maji akapewa kazi ya kuhakikisha vitu vinaelea.

Mabaharia wake walikuwa Wakuba waliomkimbia Castro. Milimani juu ya ziwa walikuwapo Wakuba waliotumwa na Castro, pamoja na Che Guevara, ambaye kwa kujificha alijiita Tatu, nyuma ya Moja na Mbili, ili asiyejua adhani mkubwa ni mwingine. Kwa hiyo vita vya Wakongo, katika maji ya Wakongo, vikawa Wakuba kwa Wakuba, kwa majina ya Kiswahili upande mmoja na dola upande wa pili. Novemba 1965 Tatu akaondoka usiku kwa boti kurudi Kigoma. Alipita juu ya maji, njia ile ile ya silaha zake.

Ziwa hilo hilo lina meli ya Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 karibu na Kigoma, baada ya kuzipaka injini zake grisi nzito ili zisioze. Wabelgiji wakaiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikaja kuwa ya Watanzania. Ungekuwa umetumwa kuitega, ungepaswa kuuliza kwanza leo ni mwaka gani.

Kwetu ziwani Edward hesabu ni fupi zaidi. Julai 2018 wanamaji wa Kongo na wa Uganda walipigana risasi juu ya maji haya, watu wakafa, na wavuvi wa Kyavinyonge wakajifunza upya mpaka unapita wapi, kwa kuwa majini hauna jiwe wala uzio. Tarehe 30 Novemba 2021 majeshi ya nchi hizo hizo mbili yalianza operesheni ya pamoja dhidi ya waasi wa ADF, upande wa Beni na Ituri. Mwanafunzi aliyeanza kozi ya kuzamia kwa hasira za 2018 angehitimu akakuta boti aliyofundishwa kuilipua imeleta washirika. Rossetti alipewa saa chache tu za kupitwa na habari, na hakuwa na redio. Wewe una redio. Isikilize kabla hujavaa mapezi, na usiku ukitoka, sikiliza tena.

Kutega

Hatua ya mwisho ndiyo nyepesi vitabuni. Unaogelea chini ya chombo, unabandika bomu la sumaku, unaliwekea saa, unaondoka. Sumaku hushika chuma. Vyombo vingi vya Ziwa Edward ni mitumbwi ya mbao yenye injini nyuma, na jeshi likija huja kwa boti za fiba au za mpira. Bomu lako litabusu ubao, litateleza, litakwenda zake chini kulala na kambare.

Kwa hiyo itabidi ulifunge kwa kamba. Wewe kamba hukuja nayo, maana kitabu cha Waitaliano hakikuitaja. Iliyopo iko ndani ya mtumbwi, chini ya nyavu, na mwenye mtumbwi ameketi juu yake anavuta sigara akisubiri mwezi uzame. Ibuka polepole, toa mpira mdomoni, msalimie kwanza. Mwite papa. Muulize habari za samaki, za watoto na za wanamaji, kwa mpangilio huo. Kisha sema kwa adabu: papa, unikopeshe kamba kidogo. Hatakuuliza ni ya kazi gani. Atakuuliza utairudisha lini.